Dakika Moja au SNAPPS: ipi itamfundisha mtarajali kufikiri?

Mtarajali, yaani daktari aliye kwenye mwaka wake wa mazoezi, akitoka kwa mgonjwa na faili mkononi, msimamizi ana dakika tatu au nne kabla ya mlango kugongwa tena. Katika muda huo mgonjwa anatakiwa apate huduma sahihi, na kijana anatakiwa ajifunze kitu. La kwanza hufanyika. La pili mara nyingi hukosa nafasi: msimamizi anasikiliza historia, anauliza maswali mawili ya kuziba mapengo, kisha anatoa hukumu, "Apige picha ya kifua, mpe hiki, arudi Jumatatu." Kijana anaandika. Alichojifunza ni kwamba bosi anajua.

Wanaofundisha udaktari wa familia wamekuna kichwa juu ya suala hili muda mrefu, kwa sababu wao hufundishia kliniki, mgonjwa akiwa anasubiri na foleni ikiwa nje. Kuna njia mbili zinazotajwa kila linapozungumzwa. Ya kwanza inajulikana kama Dakika Moja (kwa Kiingereza One-Minute Preceptor), ya pili ni SNAPPS, jina lililoundwa na herufi za kwanza za hatua zake kwa Kiingereza. Zote zinataka mwanafunzi aonyeshe anavyofikiri, lakini zinamkabidhi kazi hiyo mtu tofauti. Hapa nazilinganisha kwa ajili ya anayeletewa wanafunzi: daktari wa familia, daktari bingwa wa idara ya wagonjwa wa nje, au tabibu mkongwe wa kituo cha afya.

Zilikotoka

Dakika Moja ilichapishwa mwaka 1992 katika jarida la bodi ya madaktari wa familia wa Marekani. Walioiandika ni Jon Neher na wenzake watatu, Gordon, Meyer na Stevens, waliokuwa wakifundisha katika jimbo la Washington. Jina hilo la utani lisikudanganye, haichukui dakika moja. Ina hatua tano na zote ni za msimamizi: mfanye mwanafunzi atoe msimamo wake, muulize ushahidi, mpe kanuni moja ya jumla, mwambie alichofanya sawasawa, kisha sahihisha alipokosea.

SNAPPS ilikuja mwaka 2003 kutoka Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, kwa Terry Wolpaw, Daniel Wolpaw na Klara Papp. Hatua zake ni sita na zote ni za mwanafunzi: fupisha historia, punguza orodha hadi magonjwa mawili au matatu, yalinganishe, muulize msimamizi unapokwama, panga tiba, chagua jambo moja la kwenda kulisoma.

Soma tena aya hizo mbili uangalie ni nani anayetenda. Kwenye ya kwanza msimamizi anavuta, kwenye ya pili mwanafunzi anasukuma. Karibu kila utakachoamua kinatokana na hapo.

Mgonjwa mmoja, mazungumzo mawili

Tuchukue mgonjwa wa mfano. Mama wa miaka 54 anakohoa wiki ya sita sasa, kikohozi kikavu kinachomsumbua zaidi usiku. Hana homa, hajakonda. Ana presha na ameanzishiwa dawa miezi mitatu iliyopita. Kifua kikisikilizwa ni safi.

Kwa Dakika Moja, mtarajali akimaliza kueleza, msimamizi hatoi jibu.

"Kabla sijasema lolote, wewe unaona ana nini?"

"Nahisi ni TB, dokta."

"Kitu gani kimekupeleka kwenye TB?"

"Kikohozi kimepita wiki mbili, na usiku ndiyo kinazidi."

"Na kitu gani kinakurudisha nyuma?"

Kijana anafikiri. "Hana homa. Hajakonda. Makohozi hayatoki."

"Dawa yake ya presha inaitwaje?"

"Sikuuliza jina."

Msimamizi sasa anajua shimo liko wapi, na anatoa kanuni moja tu, fupi ya kubebeka: mwenye presha akija na kikohozi kikavu, tafuta majina ya dawa zake, kwa sababu enalapril, captopril na ndugu zao hukohoza baadhi ya watu. Kisha sifa, na iwe ya kitu maalumu: "Umeuliza homa na uzito, ukanitajia hata yale ambayo hana. Endelea hivyo." Halafu sahihisho: "Kwenye faili andika jina la dawa na kipimo chake. 'Dawa ya presha' hainisaidii." Na kwa kuwa kikohozi kimevuka wiki mbili, TB bado inapimwa.

Angalia ile sifa. Wasimamizi wengi husema "vizuri sana" wakidhani wamemaliza, na kijana anaondoka bila kujua ni kipi kilikuwa kizuri ili akirudie kesho. Nikiulizwa hatua gani ya Dakika Moja inaharibiwa kuliko zote, nitataja hiyo.

Sasa SNAPPS. Mtarajali wa pili anakuja akiwa ameshaupanga mzigo wake:

"Mama wa miaka 54 mwenye presha, ana kikohozi kikavu cha muda mrefu, kibaya zaidi usiku, bila homa wala kukonda, kifua safi. Nafikiria vitu vitatu: TB, dawa, na moyo. TB ni kwa sababu ya muda, ingawa dalili zake nyingine sizioni. Dawa ni kwa sababu anatumia enalapril, na kabla ya kuianza alikuwa hakohoi. Moyo ni kwa sababu ya usiku na presha, lakini analala na mto mmoja na miguu haijavimba. Ninapokwama ni hapa, dokta: dawa ameianza miezi mitatu nyuma na kikohozi kina wiki sita. Inaweza kuchelewa hivyo? Na nikiibadilisha, nisubiri kwanza nione, au TB ipimwe leo?"

Jibu la msimamizi linakuwa fupi kwa sababu swali limenyooka. Ndiyo, kikohozi cha dawa hizo kinaweza kuanza wiki au hata miezi baada ya dozi ya kwanza. Dawa ikiachwa, kwa kawaida hupoa ndani ya wiki moja hadi nne, ila kwa wengine huburuta hadi miezi mitatu. Kwa hiyo usisubiri: badilisha umpe dawa nyingine ya presha, losartan kwa mfano, na vipimo vya TB viende leo leo. Kijana anamalizia mpango wake na kusema jioni atasoma jinsi ya kupata makohozi kwa mtu ambaye hayatoi.

Utasema huyu wa pili ni hodari kuliko wa kwanza. Huenda ikawa kweli, lakini pia njia yenyewe ilimlazimisha aulize jina la dawa kabla hajatoka chumbani. Anayejua kwamba atatakiwa kulinganisha magonjwa matatu mbele ya bosi hawezi kuridhika na "dawa ya presha". Kwa upande mwingine, mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye hajawahi kuona kikohozi cha enalapril hatakitaja hata umpe hatua sita au kumi na sita. Mwaka 1978 Arthur Elstein na wenzake walionyesha kwamba madaktari wazoefu na wanafunzi wote huanza kubashiri magonjwa mapema katika mazungumzo na mgonjwa; kinachowatenganisha zaidi ni maarifa ya ugonjwa husika, wala hakuna ufundi mmoja wa kufikiri unaofanya kazi kwa kila kitu. SNAPPS inamtaka mwanafunzi alete bidhaa ambazo labda bado hajazinunua. Dakika Moja inamvumilia zaidi, kwa sababu msimamizi anaweza kumshika mkono hadi kwenye shimo.

Ile hatua ya kufupisha nayo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Georges Bordage, aliyetafiti jinsi madaktari wanavyoyapanga maarifa kichwani, aligundua kwamba wanaopatia utambuzi huigeuza hadithi ya mgonjwa kuwa maneno ya kupambanua: la ghafla au la muda mrefu, upande mmoja au pande mbili, linakuja na kuondoka au halipumziki. "Anakohoa tangu mwezi juzi" ikageuka "kikohozi kikavu cha muda mrefu". Maneno hayo ndiyo yanayofungua kabati sahihi kichwani. Dakika Moja haina hatua inayodai hilo, na ukiitumia inabidi uliongeze mwenyewe: "Niambie mgonjwa wako kwa sentensi moja."

Utafiti unasemaje

Kwa Dakika Moja, jaribio lililochapishwa mwaka 2001 huko Marekani liliwapa madaktari walioko mafunzoni somo la saa moja tu kuhusu hatua zake, kisha likawalinganisha na ambao hawakupewa. Wanafunzi wa waliofundishwa waliwaona wameboreka katika stadi zote, isipokuwa ile ya kutoa kanuni ya jumla. Sishangai. Kuuliza "unaona ana nini" kunafundishika kwa saa moja. Kuwa na kanuni fupi mdomoni kwa kila mgonjwa anayeingia ni kazi ya miaka. Utafiti mwingine, wa mwaka 2004 wa Eva Aagaard, Arianne Teherani na David Irby, uliwaonyesha wasimamizi mikanda ya video ya mwanafunzi akieleza kesi kwa mtindo wa kawaida na kwa Dakika Moja. Waliotazama Dakika Moja walipatia ugonjwa wa mgonjwa sawa na wengine au zaidi yao, na walikuwa na uhakika zaidi katika kumpima mwanafunzi. Hili linamjibu yule anayesema kwamba kufundisha kutamfanya akose kumwelewa mgonjwa.

Kwa SNAPPS, jaribio la mwaka 2009 la watu wa Cleveland pamoja na huyo huyo Bordage lilifanyika kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu waliokuwa kwenye mzunguko wa udaktari wa familia. Waliofunzwa SNAPPS walitaja magonjwa mengi zaidi, walitoa sababu zake mara nyingi zaidi, na walisema waziwazi wasichokuwa na uhakika nacho kuliko wenzao. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Japani uliozipambanisha njia hizi mbili moja kwa moja, na hapo tena SNAPPS iliongoza kwenye kutaja mashaka na maswali.

Mimi naona hilo la mashaka ndilo la kuangaliwa kuliko yote.

Nani ana ruhusa ya kusema sijui

Kwenye hospitali zetu nyingi, raundi ya wodi ina ngazi zake. Bingwa mbele, nyuma yake madaktari walioko kwenye shahada ya uzamili, kisha watarajali, kisha wanafunzi, na muuguzi mwenye toroli la mafaili. Swali hushuka, jibu hupanda. Mtarajali anayesema "hapa sielewi" mbele ya watu hao wote amejiingiza kwenye moto, na anajua. Kwa hiyo hujifunza kunyamaza, au kutaja ugonjwa kwa sauti ya kujiamini huku tumbo likimcheza.

Dakika Moja ikitumiwa vibaya inaingia moja kwa moja kwenye desturi hiyo. "Unaona ana nini? Kwa nini? Ushahidi uko wapi?" Maneno ni yale yale ya Neher, ila kwa sauti ya bingwa mwenye haraka yanageuka mahojiano ya polisi. Njia inategemea kabisa hulka ya anayeuliza.

SNAPPS inaliweka shaka kwenye ratiba. Hatua ya nne inamtaka mwanafunzi amuulize msimamizi. Kutokuuliza ndiyo kuruka hatua. Kijana hahitaji ujasiri wa pekee, anatekeleza tu alichoelekezwa, na bosi aliyekubali njia hiyo hawezi kukasirika kwa kuulizwa. Kwa mazingira ya heshima kama yetu hiyo ni faida ambayo siamini kama walioibuni walikuwa wakituwazia sisi. Lakini ina sharti: msimamizi awe tayari naye kujibu "hilo silijui, tulitafute wote." Asiyeweza kulitamka hilo asijisumbue na SNAPPS, wanafunzi watagundua ndani ya siku mbili kwamba hatua ya nne ni mchezo wa kuigiza, nao wataanza kuuliza maswali ambayo majibu yake wanayo.

Gharama na foleni

Kuianzisha Dakika Moja ni rahisi sana. Anayejifunza ni mtu mmoja, msimamizi, na anaweza kuanza leo mchana bila kumwambia mwanafunzi chochote. Kliniki inayopokea sura mpya kila wiki mbili haina haja ya kuanza upya kila mara. Na siku foleni imefika getini, unaweza kutumia hatua mbili tu, msimamo na sahihisho, ukaacha nyingine kwa mgonjwa wa baadaye.

SNAPPS ina gharama ya mwanzo. Mwanafunzi lazima afundishwe hatua sita, apewe kikaratasi cha kuweka kwenye mfuko wa koti, na ajikwae mara kadhaa. Siku za kwanza atakuwa mzito, atasoma kikaratasi mbele yako, atataja magonjwa matatu ilimradi yametimia matatu. Akizoea, muda unarudi, kwa sababu historia ndefu ya dakika tano imekuwa sentensi mbili. Kama anakaa nawe wiki mbili, hutafika huko. Kama ni mtarajali katika mwaka wake wa mazoezi, au daktari anayesomea udaktari wa familia kama wale wa Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafunza mwaka 2005, muda upo wa kutosha.

Jambo moja dogo la vitendo: SNAPPS haifai mbele ya mgonjwa bila kurekebishwa. Huwezi kutaja TB, moyo na saratani kwa sauti huku mama amekaa pale anakutazama. Dakika Moja nayo haifai ukifika kwenye kusahihisha, kwa sababu kumkosoa daktari mbele ya mgonjwa wake kunawaharibia wote wawili. Tafuteni kona.

Kile ambacho zote mbili hazikioni

Njia hizi zote huanza mwanafunzi akishatoka kwa mgonjwa. Alivyosikiliza humo ndani hakuna aliyeona, na katika udaktari wa familia hapo ndipo penye kazi nyingi, kwani mgonjwa hajapitia kwa mtu mwingine wa kumchuja.

Norbert Donner-Banzhoff, mtafiti wa udaktari wa familia wa Chuo Kikuu cha Marburg, Ujerumani, amelifanyia kazi hili kwa miaka. Hoja yake, aliyoieleza pamoja na Ralph Hertwig, ni kwamba daktari wa familia mzoefu haanzi na orodha ya magonjwa ya kuyathibitisha. Kwanza anamwacha mgonjwa aongee, akizunguka naye kwenye uwanja mpana kuona kitu gani si cha kawaida, kama mchunga mbuzi anayewaacha wajitafutie majani, na anaingilia pale tu kitu kikimshtua. Ubashiri wa magonjwa unakuja baadaye, na mara nyingine hauhitajiki sana. Anayeanza kuchuja mapema anaziba milango ambayo mgonjwa alikuwa anakaribia kuifungua.

Na sisi tunachuja mapema mno. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walipima muda ambao madaktari humwacha mgonjwa aeleze shida yake kabla ya kumkatiza: wastani ulikuwa sekunde 18. Mwaka 1999 kipimo kama hicho kilifanywa kwa madaktari wa familia, kikatoa sekunde 23.

Kikundi cha watafiti wa Marburg ndicho kilichotoa pia alama za kupima maumivu ya kifua kwa daktari wa familia, na kimojawapo cha vigezo vitano ni kama mgonjwa mwenyewe anadhani maumivu yanatoka moyoni. Dhana ya mgonjwa inahesabiwa sawa na umri wake na sawa na maumivu kuzidi anapojikakamua. Mwanafunzi aliyemkatiza mgonjwa kwenye sekunde ya 18 hataipata alama hiyo, na wewe uliyekaa nje ukisubiri muhtasari wake hutajua kwamba imekosekana. Atakuletea SNAPPS iliyonyooka kabisa juu ya historia yenye tundu.

Dawa yake ni ya kizamani: mara moja kwa kliniki, keti pembeni ya chumba dakika mbili za mwanzo, usiseme kitu, kisha toka.

Uchague ipi

Ukipokea wanafunzi wa miaka ya chini, au wanaobadilika kila wiki mbili, au wewe mwenyewe hujawahi kufundisha kwa mpangilio wowote, chukua Dakika Moja. Ianze na hatua ya kwanza peke yake kwa siku kadhaa, yaani kunyamaza hadi kijana aseme msimamo wake. Kwa wengi wetu hiyo peke yake ni adhabu tosha.

Ukiwa na mtarajali atakayekaa nawe miezi, anayejua magonjwa ya kawaida ila hathubutu kufungua mdomo, SNAPPS itamtoa. Mfundishe siku ya kwanza, kubaliana naye ni wagonjwa wangapi kwa siku atawaeleza kwa mtindo huo (mmoja au wawili wanatosha, wengine waelezwe kawaida), na umwombe mapema kwamba asipokuwa na swali la hatua ya nne arudi kwa mgonjwa akalitafute.

Kuzichanganya pia kunawezekana. Mwanafunzi analeta SNAPPS, na msimamizi anafunga kwa hatua mbili za mwisho za Dakika Moja, sifa ya kitu maalumu na sahihisho moja, kwa sababu SNAPPS imepungukiwa hapo: hakuna hatua inayomtaka msimamizi amwambie mwanafunzi amefanyaje. Nikilazimishwa kuchagua mpangilio mmoja kwa idara nzima ya wagonjwa wa nje yenye watarajali wa mwaka mzima, ningechagua mchanganyiko huo.

Kwa bingwa ambaye bado anataka kijana asimame wima atoe historia ya dakika kumi kuanzia kuzaliwa kwa mgonjwa, hakuna kati ya hizi itakayomfaa hadi kwanza akubali kusikia sentensi moja.